Geji Iliyoshika Sabato

Siku ile ya kuniaga, chupa za soda zikiwa bado mkononi, vijana wa gereji mliniomba niwaandikie kidogo kuhusu miaka yangu ya kutengeneza geji za dashibodi. Mlisema habari za vyeo niziache. Msiwe na wasiwasi. Cheo pekee nilichowahi kupewa ni "wewe wa geji", na nimestaafu nacho hichohicho.

Nilianza kazi Kisii mjini nikiwa binti aliyetoka chuo cha ufundi na cheti cha umeme wa magari. Duka lilikuwa la vipuri, na mwenyewe aliitwa Mzee Dhiru. Babu zake walitoka Bara Hindi lakini yeye alizaliwa hapahapa mjini, na Kigusii chake kilikuwa safi kuliko changu. Alikuwa akiwasalimia wakulima wa ndizi mpaka wanasahau bolti waliyokuja kununua. Nyuma ya duka kulikuwa na chumba kidogo chenye meza, taa ya kuinamisha na harufu ya lehemu. Humo ndimo alimokuwa akifungua geji za magari kwa bisibisi nyembamba kama mwiba, miwani ikiwa juu ya paji la uso, mahali ambapo haikumsaidia chochote.

Asubuhi ya kwanza alinipa ndoo iliyojaa geji kuukuu. Alikuwa amezifunga mishale isicheze, kila moja mahali pake.

"Nenda mlangoni, pale kwenye jua," akasema. "Andika kila moja inasoma wapi."

Niliandika ukurasa mzima kwa mwandiko mzuri wa mtu anayetafuta kazi. Akaupitia huku akitikisa kichwa.

"Nimekosea ngapi?" nikamuuliza.

"Karibu zote. Sasa ingia ndani, ukae mahali mimi ninakaa, uandike tena."

Ndani, kivulini, mishale ilikuwa imeelekea kwingine kabisa. Ile niliyoiandika "tupu" ilikuwa imejaa. Ile niliyoiandika "baridi" ilikuwa imefika kwenye nyekundu.

"Hukusema uongo," Mzee Dhiru akaniambia. "Uliandika ulichoona. Dereva naye anafanya hivyo hivyo, halafu injini inakufa, halafu anakuja hapa kutugombeza. Wengi wanaokuja hapa geji zao ni nzima. Wao wenyewe hawazioni."

Sikuelewa uzito wa maneno hayo kwa miaka kadhaa. Nilikuwa na shida nyingine. Mteja akiingia na kunikuta mezani, alikuwa akiangalia juu ya kichwa changu na kuuliza, "Msichana, fundi yuko wapi?" Mwanzoni nilikuwa najieleza, na cheti namwonyesha. Baadaye nikachoka. Nikawa najibu, "Ameenda kunawa mikono." Kisha naenda bombani, nanawa, narudi, na kuketi palepale. "Haya, nimerudi. Gari lina shida gani?" Wengi walicheka. Mmoja alingoja nusu saa zaidi.

Kwa kazi yenyewe, nilijifunza mambo ambayo hamtayakuta kwenye kompyuta zenu. Jua la mbele ya gari linakuumiza macho, lakini kwa geji halina neno kubwa kwa sababu zimekaa ndani ya kofia ya dashibodi. Jua la mgongoni, lile linaloingia kwa kioo cha nyuma au juu ya bega la dereva, ndilo linalomwagikia kioo cha geji na kukigeuza kuwa kama sinia. Kioo cha plastiki kilichofutwa kwa kitambaa chenye vumbi kinapata mikwaruzo midogo, na kila mkwaruzo unakamata jua lake. Huo unaondolewa kwa dawa ya meno na subira. Na vile vitambaa vyeupe vya kufuma ambavyo mama zetu wanavitandaza juu ya dashibodi kama ni meza ya sebuleni, mchana vinajiakisi vyote kwenye kioo cha mbele. Kumwambia mtu avitoe ni kazi ngumu kuliko kufunga geji, kwa maana mara nyingi vimefumwa na mama mkwe.

Sasa niwaeleze kuhusu gari la Mwalimu Ratemo, ambalo lilikaribia kunimaliza.

Mwalimu Ratemo alikuwa mwalimu mkuu karibu na Keumbu, na mzee wa kanisa la Wasabato. Alikuwa mrefu, mwembamba, na alizungumza na kila mtu kama mwanafunzi ambaye hajamaliza kuandika insha yake. Gari lake lilikuwa refu, la mlango wa nyuma. Siku za wiki lilimpeleka shuleni. Jumamosi lilimbeba yeye, mama yake mzazi na waimbaji wanne kwenda kanisani, juu mlimani upande wa Birongo. Jumamosi moja injini ilichemka mpaka kichwa chake kikapinda. Makanika aliyeitengeneza alimwambia waziwazi kwamba ikichemka tena, gari liwe banda la kuku.

Mwalimu akaja kwetu na malalamiko yake yamepangwa. "Geji ya joto imekufa. Ingekuwa hai ningeona, na ningesimama."

Niliitoa, nikaipima. Ilikuwa nzima. Nikapima na sensa, kile kifaa kinachoipelekea geji habari za joto, nikafuata waya kutoka mwanzo hadi mwisho. Nzima. Nikamrudishia. Jumatatu akarudi.

"Jumatatu mpaka Ijumaa ilifanya kazi vizuri sana," akasema. "Jumamosi ikafa. Jumapili ikafufuka."

"Labda inashika Sabato, Mwalimu."

Hakucheka. Na kusema kweli, wiki iliyofuata ilifanya vilevile, na ile ya baadaye pia. Siku sita kazi, ya saba mapumziko. Nilibadilisha sensa. Nilibadilisha geji nzima kwa nyingine. Nilisafisha mahali pa kugusana waya mpaka pakang'aa kama sufuria ya harusi. Jumamosi ikifika, geji inakufa.

Habari zikaenea. Mwalimu hakuwa mtu wa kusengenya. Alisema mbele za watu, kwa sauti ya darasani. Alisema sokoni Keumbu, na akasema kanisani wakati wa matangazo, kwamba kuna fundi wa kike Kisii mjini ambaye ameua geji yake na sasa anabahatisha. Wateja wa upande ule wakaanza kupungua. Mtoto wa Mzee Dhiru, Kishor, ambaye wakati huo ndiye alikuwa akiendesha duka, akaniita kando.

"Dada, sina ubaya na wewe," akasema. "Lakini kuna nafasi kaunta, kuuza balbu. Ni kazi safi. Hii ya geji tutafute mtu mwingine."

Sikulala vizuri wiki hiyo. Kuuza balbu si dhambi, lakini nilikuwa nimeipenda kazi ile kama mtu anavyopenda shamba aliloling'oa visiki mwenyewe. Nikamwendea Mzee Dhiru nyumbani kwake. Magoti yalikuwa yamemfungia ndani, miwani bado iko kwenye paji la uso. Nikamsimulia yote. Akauliza swali moja tu.

"Hiyo geji umeiona ikiwa mgonjwa?"

"Hapana. Nikiipima huwa ni nzima."

"Mama, mgonjwa anaugulia barabarani, wewe unamngoja hospitali. Mfuate kule anakougulia."

Kumfuata maana yake ilikuwa Jumamosi. Nikaenda shuleni kwa Mwalimu, nikamkuta ofisini akiwa na sweta yake ya rangi ya bluu nzito, ile aliyoivaa siku zote za kazi kwa baridi ya asubuhi.

"Mwalimu, nataka kuiona geji siku ya Jumamosi."

"Jumamosi gari langu haliguswi na fundi."

"Sitaigusa. Nitaangalia tu."

"Fundi akiangalia, hiyo ni kazi."

"Basi nitaangalia kama muumini."

"Wewe si Mkatoliki?"

"Mkatoliki ana macho, Mwalimu."

Akagongagonga meza kwa kalamu yake nyekundu. Mwishowe akakubali kwa masharti: nisije na mkoba wa vifaa, nisivae ovaroli, na nikae ibada yote mpaka mwisho, pamoja na mafundisho ya alasiri. Hilo la mwisho nadhani lilikuwa adhabu.

Jumamosi nilifika kwao nimevaa gauni langu la Pasaka, na leso nyeusi yenye maua madogo mabegani. Mama yake, Magokoro Kwamboka, yaani Bibi Kwamboka kwa Kigusii, mfupi mwenye macho makali, alinipokea mlangoni na bila kuuliza akaufungua mkoba wangu wa mkononi. Akatoa testa yangu ya kupimia umeme.

"Hii ni nini?"

"Ni kalamu, Magokoro."

"Kalamu yenye taa?"

Akaiweka juu ya kabati, karibu na redio, na huko ilibaki. Lakini alinipa kiti cha mbele, ambacho ni chake, akaketi nyuma na waimbaji watatu, wa nne akajikunja kwenye mizigo. Mwalimu alitoka nyumbani akiwa na tai na shati jeupe. Ninaposema jeupe, naomba mnielewe. Lilikuwa limefuliwa, likatiwa buluu, likapigwa wanga na pasi mpaka ungeweza kulisimamisha peke yake.

Tuliondoka. Geji naiona vizuri kabisa, mshale uko chini kidogo ya katikati. Waimbaji wanafanya mazoezi ya wimbo wao nyuma ya shingo yangu. Tulipouacha uwanda na kuanza kupanda, barabara ikapinda, na jua likahamia upande wa Mwalimu, likaingia kwa dirisha lake.

"Umeona?" akasema kwa furaha ya mtu aliyeshinda kesi. "Imekufa."

Nikatazama. Mshale ulikuwepo. Tena ulikuwa umepita katikati na unaendelea kupanda.

"Haijakufa, Mwalimu. Mshale uko juu ya nusu."

"Hakuna mshale. Naona weupe mtupu."

"Upo. Unapanda."

"Binti, mimi nimefundisha kusoma miaka ishirini. Naweza kusoma geji."

Hapo ndipo nikakumbuka ndoo ya siku ya kwanza, na Mzee Dhiru akisema nikae mahali anapokaa yeye. Nilikuwa nikisoma kutoka kiti cha abiria. Dereva alikuwa akisoma kutoka kwake. Ikabidi nione kwa macho yake. Namna pekee ya kufanya hivyo, gari likitembea, ilikuwa kuinama na kuegemeza kichwa changu begani pa mzee wa kanisa, shavu karibu na shavu.

Wimbo ukakatika nyuma. Mmoja akakohoa.

"Unafanya nini?" Mwalimu akanong'ona, usukani ukiyumba.

"Naangalia, Mwalimu. Tulikubaliana."

Na nikaona. Kwenye kioo cha geji hakukuwa na mshale wala namba. Kulikuwa na shati. Niliona vifungo vitatu, tai, na kalamu nyekundu mfukoni, yote yameng'aa kama picha ya studio. Jua lilikuwa linapiga kifua chake, kifua kinalirusha kwenye kioo, na kioo kinalirudisha machoni pake. Siku za wiki sweta nzito ilikuwa inalimeza jua lote. Jumamosi, Mwalimu alikuwa akiendesha gari huku akijiangalia mwenyewe.

Nilivua leso yangu mabegani na kumtupia kifuani.

Mshale ukatokea mbele yake kama mtu aliyekuwa amejificha nyuma ya mlango. Ulikuwa umegusa nyekundu.

Mwalimu alitoa sauti ambayo sijaisikia tena kwa mwalimu mkuu yeyote, akakanyaga breki, na tukasimama kando ya shamba la chai. Nilimzimia injini mwenyewe. Mvuke mwembamba ulikuwa umeanza kutoka kwenye boneti. Dakika mbili zaidi na wale kuku wangepata nyumba.

Tulipoifungua, tatizo lilikuwa pale kwa kila mwenye macho: paipu ya juu ya rejeta, ile inayopeleka maji ya injini kupoa, ilikuwa na mpasuko mdogo chini ya kibano, upande ambao hauonekani. Siku za wiki, Mwalimu akiwa peke yake kwenye tambarare, ulikuwa unalia machozi tu. Jumamosi, watu sita na mlima, ulikuwa unafunguka na kumwaga maji. Kwa hiyo kulikuwa na magonjwa mawili. Moja lilikuwa linaichemsha injini, na jingine linamficha dereva mshale.

"Naweza kuifunga kwa muda," nikasema. "Nipate kitambaa kirefu na maji."

Mwalimu akasimama mbele ya boneti kama anayelinda mtihani. "Leo ni Sabato."

"Yangu ni kesho, Mwalimu."

"Lakini gari ni langu."

Magokoro Kwamboka alikuwa ameshuka, ameshika fimbo, na alikuwa amechoka na sisi sote. "Ratemo," akamwita. "Ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya Sabato, anatolewa au hatolewi?"

"Baba, hili si ng'ombe." Kwa Kigusii, kwa wasiojua, neno baba maana yake ni mama.

"Ni kweli si ng'ombe. Ndani kulikuwa na mimi. Mimi na ng'ombe, nani ana thamani?"

Mwalimu Ratemo akaangalia waimbaji kupata msaada, hakupata, akasogea kando. Mwimbaji mmoja alivua utepe mrefu wa sare yake. Wengine walikwenda kwenye boma la karibu wakarudi na maji ya madumu mawili. Tukangoja injini ipoe, kwa maana rejeta ya moto haifunguliwi. Hilo vijana mnalijua, na asiyelijua nitamwonyesha mkono wangu wa kushoto. Niliukaza utepe juu ya mpasuko, mzunguko baada ya mzunguko, nikafunga fundo, nikajaza maji. Tukapanda polepole.

Tulifika kanisani tumechelewa, na Mwalimu ndiye aliyetakiwa kufungua ibada. Alitoka garini moja kwa moja mpaka mbele. Hakukumbuka kwamba leso yangu ya maua ilikuwa bado imefungwa kifuani pake, maana tulikuwa tumemfungia shingoni isidondoke. Kanisa zima likamtazama. Akajitazama. Kisha, na kwa hili namheshimu hadi leo, hakuivua.

"Niliwaambia hapa kwamba fundi ameua geji yangu," akasema. "Nilikosea. Geji ilikuwa hai siku zote. Lililoiziba ni shati langu. Mimi nilikuwa nikiona weupe wangu, nikasema mwingine ndiye mbaya. Fundi mwenyewe ni yule pale, na ninamwomba msamaha mbele yenu."

"Shati halina kosa," Magokoro akasema kwa sauti kutoka kiti cha pili. "Nililipiga pasi vizuri."

Nilikaa ibada yote, pamoja na mafundisho ya alasiri. Nilikuwa nimejiandaa kuchoka, lakini waliimba vizuri mno. Jumatatu Kishor alininunulia chai na hakutaja balbu. Kabla ya mwezi kwisha, nilikuwa nimepokea magari ya wazee wa kanisa kutoka Nyamira mpaka Nyamarambe, yote yakiwa na ugonjwa wa Jumamosi. Niliwakatia vipande vya kitambaa cheusi kisichong'aa, wavae kifuani wakiendesha. Kasisi wangu aliposikia, aliuliza kwa nini Wasabato wamehudumiwa kwanza.

Miaka ikasonga. Mzee Dhiru alifariki, na nilimlilia kwa Kigusii, kwa sababu hiyo ndiyo lugha tuliyokuwa tukigombana nayo. Baadaye yakaja magari yenye geji za namba za kijani zinazowaka, ambazo mchana wa saa saba zilizimika kabisa machoni. Halafu yakaja haya ya sasa yenye kioo kikubwa kama televisheni katikati ya dashibodi, ambacho jua likikipiga kinakuonyesha alama za vidole vya watoto wako na si kitu kingine. Nikamkaribisha Bosibori, fundi aliyekuja na kompyuta yake, na yeye akanifundisha nilipokuwa mjinga, kwa adabu, akianza kila sentensi na "Mama, samahani."

Nafika sasa kwenye jambo ambalo mngependa nisiliseme, au pengine ndilo mlilotaka niliseme.

Mwaka wangu wa mwisho kazini niligundua kwamba geji za siku hizi zinatengenezwa vibaya. Mishale ilikuwa imefifia hata kwenye magari mapya. Namba zilikuwa na ukungu. Nililalamika sana kuhusu viwanda. Dawa ya mshale uliofifia ni rangi ya kucha, nyekundu, inayopakwa kwa brashi ya unywele mmoja. Mama wa duka la vipodozi alikuwa akiniuzia huku akiangalia kucha zangu zilizojaa grisi. Mwaka ule nilipaka mishale mingi. Nilipaka mara mbili, mara tatu, mpaka nikaridhika.

Siku moja Bosibori akasimama nyuma yangu. "Mama, samahani. Huo mshale una shida gani?"

"Huuoni? Umefifia."

"Mama, samahani. Huo nimeutoa kwenye boksi asubuhi hii."

Alinipeleka kliniki ya macho siku hiyohiyo, ovaroli na yote. Daktari, kijana mpole, alimulika jicho la kulia, akamulika la kushoto, akaniambia nina mtoto wa jicho pande zote mbili, tena wamekua.

"Inakusumbua zaidi wakati gani?" akauliza.

"Juani," nikasema, na Bosibori akageukia ukutani, mabega yakimtikisika.

Walinifanyia upasuaji, na ukaenda vizuri. Kitu cha kwanza nilichofanya nilipoondoa bandeji ni kuomba nipelekwe gereji nione kazi yangu. Jamani. Mishale ilikuwa minene kama mwiko wa ugali. Mmoja ulifunika namba tatu kwa wakati mmoja, kwa hiyo gari lilikuwa likienda hamsini, sitini na sabini. Hakuna aliyekuwa ameniambia, kwa heshima. Naomba tafadhali, mkinirithi, msirithi heshima ya namna hiyo.

Tangu nistaafu nimekuwa nikiwapigia simu wenye magari hayo mmoja mmoja, waje niwasafishie mishale yao. Wamekuja karibu wote, wengine na ndizi, wengine na maneno. Aliyebaki ni mama mmoja muuguzi wa Nyamira, mwenye gari dogo jeupe. Nimempigia mara tatu, na mara tatu amekataa katakata. Anasema amelimiliki gari hilo miaka tisa, na hiyo ndiyo geji ya kwanza aliyowahi kuiona mchana.